Morfudd wa Maji, Binti wa Hafod Lwyd

Sisi wa nyumba ya marehemu tunawashukuru wote mliopanda bonde hili leo na mvua yake kuja kumsindikiza Morfudd Rowlands. Mimi ni Mererid, mdogo wake, na ndimi niliyebaki katika watoto watatu wa Hafod Lwyd. Nimeombwa nisome habari za maisha yake. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba wasifu ukizidi muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, wanaoteseka ni walio hai. Nitajitahidi, ingawa dada alijua vyema kwamba mimi chai yangu hainyweki upesi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Aprili 1948 shambani Hafod Lwyd, kando ya ziwa la Gwynant, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Ifan Pritchard na mkewe Lowri. Ulikuwa msimu wa kondoo kuzaa. Jirani alipokimbia zizini kumwambia baba kwamba mkewe amejifungua salama, baba alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, mikono yote miwili kwa kondoo anayezaa, akajibu bila kugeuka: "Mwambie nakuja, huyu naye yuko katikati." Mama hakumsahaulisha neno hilo mpaka kufa kwake. Kila walipokosana alimwuliza, "Na leo je, Ifan, nani yuko katikati?"

Kaka yetu Gethin alikuwa amemtangulia Morfudd kwa miaka miwili na kidogo. Mimi nilichelewa, nikaja mwaka 1957, kwa hiyo hao wawili walikuwa wameshajenga ufalme wao kabla sijafika. Walipanda miamba ya nyuma ya nyumba pamoja, waliibiana soksi, na walipotumwa kukusanya kondoo walirudi jioni wakiwa na nusu ya kondoo na hadithi nzima ya wale waliobaki.

Alisoma shule ya msingi Beddgelert, na mwaka 1959 akaingia sekondari Porthmadog. Alipenda jiografia, na katika kuimba alikuwa na sauti nzuri nzito ambayo mwalimu wa kwaya hakujua aiweke wapi. Katika tamasha la mashairi la mwaka 1961 alipanda jukwaani kughani mbele ya umati, akasahau ubeti wa tatu, akautunga wake palepale. Alipewa nafasi ya pili. Jaji mmoja alimwuliza mama baadaye ubeti ule umetoka wapi, mama akajibu, "Umetoka kwa baba yake, maana upande wangu watu husema kweli."

Mwaka 1963, mliokuwapo mnakumbuka, baridi ilikaa miezi. Theluji ilifika madirishani na ziwa letu liliganda likawa jeupe kama sahani. Tarehe 9 Februari kondoo jike mmoja alitoroka zizini akaingia kwenye barafu, na Gethin, kijana wa miaka kumi na saba, akamfuata. Morfudd alibaki ukingoni amemshika mbwa. Barafu ilikatika. Kondoo alijivuta akatoka mwenyewe, Gethin hakutoka. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Alipiga kelele mpaka sauti ikamwishia, na watu walipofika na kamba hapakuwa tena na mtu wa kurushiwa.

Baada ya mazishi mama alishona pazia zito la rangi ya kahawia, akalitundika kwenye dirisha la jikoni linalotazama ziwa. Meza ya kulia ikageuzwa upande wa pili. Akatuita sisi wawili tuliobaki, akasema: "Maji ya kunywa na maji ya kufulia. Mengine si yetu." Tuliishi hatua chache kutoka majini kama watu wanaoishi jangwani. Morfudd akienda dukani alipita njia ya juu, yenye mawe na matope, ili asipite ukingoni.

Julai 1964 alimaliza masomo, na Septemba akapata kazi jikoni Plas Heulog, kile kituo cha vijana kule Capel Curig ambako watoto wa mijini huletwa kufundishwa kupanda milima na kupiga makafi. Alipika uji wa asubuhi, mchuzi wa nyama na viazi, na mkate wa zabibu zilizolowekwa kwenye chai ambao wengi wenu hapa mmeula na kuomba nyongeza. Kila jioni walikuja mezani watoto wamelowa, midomo ya bluu, wanacheka. Alituambia baadaye kwamba kile kicheko ndicho kilichomsumbua. Hakuelewa mtu anawezaje kutoka majini akicheka.

Kituoni hapo ndipo alipokutana na Emrys Rowlands, fundi wa kuta za mawe, aliyekuja kujenga upya ukuta wa malisho. Emrys si mtu wa maneno mengi, na leo atanisamehe nikisema kwa niaba yake. Ukuta ule ulikuwa wa wiki tatu. Ulichukua majira mazima ya joto. Mkuu wa kituo alipouliza kwa nini haumaliziki, mpishi mwenza wa Morfudd alimjibu, "Bwana, mawe mengine ni mazito kuyaondoa karibu na dirisha la jikoni." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Mei 1971 katika kanisa hilihili tulimo, na mvua ilinyesha kama leo. Mungu aliwajalia watoto wawili: Angharad, Februari 1972, na Guto, mwaka 1981.

Emrys ameniambia kwamba enzi za uchumba waliposhuka mlimani kupitia ziwa la Ogwen, Morfudd alimweka yeye upande wa maji, kila mara. Hakuuliza. Alikuwa amesikia habari za Gethin kama kila mtu bondeni, na alijua kwamba jambo hilo halifunguliwi kutoka nje.

Lilifunguka lenyewe. Agosti 1974 walikuwa wametandika kitambaa karibu na ziwa kule Capel Curig, wanakula mkate na jibini. Angharad, miaka miwili, aliona bata. Alimfuata bata moja kwa moja mpaka maji yakamfika shingoni, bado anamwita aje. Morfudd alisimama. Aliona kila kitu, na miguu ikakataa. Emrys, ambaye hajui kuogelea mpaka leo, aliingia na viatu vyake, maji yakamfika magotini, akamnyanyua mtoto kwa nguo kama paka. Mtoto alilia kwa sababu ya bata. Mama yake alikaa chini kwenye mawe mpaka jua likahama.

Kesho yake, kabla ya kuwasha moto wa jikoni, alikwenda kwa mwalimu wa maji wa kituo, Miss Dilys Bevan, mwanamke mrefu mkali wa kutoka kusini, ambaye sisi wa kaskazini tulisema anaongea kama mtu anayemeza viazi vya moto.

"Miss Bevan, nifundishe kuogelea."

"Una umri gani wewe?"

"Ishirini na sita."

"Na umekulia wapi miaka yote hiyo?"

"Ukingoni mwa ziwa."

Miss Bevan alimtazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Gethin, ila alikuwa na macho. "Njoo kesho kabla ya uji," akasema. "Na ukiwa majini usiniite Miss Bevan. Jina refu, utakunywa maji katikati yake. Niite Dil."

Wiki za mwanzo Morfudd alisimama tu, maji kiunoni, ameshikwa mkono, akirudi jikoni kukoroga uji na nywele zimelowa. Kisha akaweka uso majini. Kisha siku moja Dil alimwambia, "Mkono wangu nimeshauondoa tangu pale kwenye jiwe," naye akageuka kutazama jiwe liko wapi, akazama kwa mshangao, akaibuka anakohoa na kucheka. Kicheko kilekile. Alisema alijisikia akakitambua.

Hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alijifunza kafi na mtumbwi, akajifunza kuokoa, akafanya mitihani yake, na katika majira ya joto ya 1976 alivua aproni akawa mwalimu wa maji wa Plas Heulog. Nyumbani Hafod Lwyd hakusema neno. Lakini bonde letu halina siri inayopita Jumapili. Bi Prydderch alimdaka mama mlangoni pa kanisa: "Hongera, Lowri! Nasikia binti yako siku hizi ni samaki."

Mama alirudi nyumbani, akavua kofia, akasema, "Sina binti samaki," na tangu siku hiyo hakuzungumza na Morfudd.

Nami naomba mnielewe, hakumfukuza. Morfudd alikuja kila Jumapili mchana na Angharad na Emrys, akaosha vyombo, akasugua sakafu, na chakula chake kilikuwa mezani kama kawaida. Ila mama alizungumza naye kupitia mbwa. Wakati huo tulikuwa na Mot, mbwa mzee wa masikio makubwa, aliyelala mbele ya jiko.

"Mot," mama husema, "mwambie mgeni chai iko tayari."

"Mot," dada hujibu, "mwambie mama asante, na mguu wake unaendeleaje?"

"Mot, mwambie mguu ni wangu."

Baba alikaa katikati amejificha nyuma ya gazeti la kanisa. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mbwa siku akifa, nyumba hii itakosa mkalimani." Tulicheka, lakini miaka miwili ni mingi kwa mama na mtoto kuishi hivyo. Nilimwona dada akifika garini, akifuta macho kabla ya kuwasha injini. Emrys akamwuliza kama ni bora waache kuja. Akasema, "Chai yangu bado anaipika yeye. Siku akimwachia Mererid aipike, hapo ndipo nitaogopa."

Tarehe 17 Agosti 1978 Morfudd na mwenzake walileta kundi la watoto kutoka Liverpool kwenye ziwa letu la Gwynant. Asubuhi lilitulia kabisa, mlima wa Y Lliwedd umelala ndani yake kichwa chini. Baada ya chakula cha mchana upepo ukaporomoka kutoka mlimani kwa ghafla, kama unavyofanya hapa, bila kubisha hodi. Mitumbwi ya karibu ilirudi. Mmoja ulikuwa katikati, ukapinduka na watoto watatu.

Mimi nilikuwa jikoni na mama, tunamenya viazi. Tulisikia kelele za watoto. Mama aliweka kisu chini. Alikwenda dirishani, akashika lile pazia, na baada ya miaka kumi na mitano akalivuta.

Tulimwona Morfudd akipiga kafi dhidi ya upepo, mtumbwi wake unapanda na kushuka. Alimfikia wa kwanza, akamshikisha mtumbwi. Wa pili alikuwa ameshikilia mwenyewe. Wa tatu, msichana mdogo, alikuwa anapelekwa mbali, jaketi lake la kuokolea limempanda mpaka masikioni. Dada aliruka majini. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama, na alikuwa anasema neno moja, tena na tena, kwa pumzi: "Shika. Shika. Shika." Akamshika. Wote watatu walifika ukingoni wakiwa hai, wakitapika maji na kuita mama zao.

Baada ya watoto kupakiwa garini na kupelekwa kupata joto, Morfudd alipanda kuja nyumbani. Sijui kwa nini siku ile, maana haikuwa Jumapili. Alisimama mlangoni anachuruzika, nywele zimemganda usoni. Mama alikuwa amesimama katikati ya jikoni na taulo mikononi.

"Mot," mama akaanza, "mwambie..." Sauti ikamkatikia. Mbwa aliinua kichwa, akangoja. Mama akamtazama dada yangu machoni. "Vua hizo nguo mbichi, utaugua."

Dada hakusogea. Mama akamwendea, akaanza kumkausha nywele mwenyewe, kwa nguvu, kama mtoto mdogo. Akasema, uso ndani ya taulo, "Ungekuwapo siku ile. Ee Mungu wangu, laiti ungekuwapo siku ile."

"Nilikuwapo, mama," Morfudd akasema. "Nilikuwapo. Nilikuwa sijui cha kufanya."

Kisha mama akamvutia kifuani, na maji yote, na matope yote, wakakaa chini kwenye sakafu ya mawe wakalia pamoja kile kilio ambacho mwaka 1963 kila mmoja alikilia kivyake. Baba aliporudi kutoka malishoni akawakuta hivyo. Aliangalia dirisha lililo wazi, akavua kofia yake. Aliweka birika motoni.

Juni ya mwaka uliofuata, mama alisema mezani, kwa sauti ya mtu anayeagiza unga, "Morfudd, nataka unipeleke pale."

Sote tulijua pale ni wapi.

Alikuja na kofia yake ya kanisani, glavu, na mkoba mkononi. Dada alimvalisha jaketi la kuokolea juu ya koti la Jumapili, mama akalalamika kwamba linamfanya afanane na godoro. Mimi niliwekwa nyuma yake kumshika. Baba alibaki ukingoni na Mot. "Lowri," akapaza sauti, "umekaa kama mwenyekiti wa mashemasi!"

"Nyamaza, Ifan, nikigeuka kukujibu tutapinduka!"

Morfudd alipiga kafi polepole sana. Hakukuwa na upepo. Tulipofika katikati, pale ambapo bonde linaonekana pande zote, alilaza kafi magotini akasema, "Ni hapa, mama." Mama alivua glavu ya mkono wa kulia. Aliinama, akaweka mkono wake majini mpaka kwenye kifundo, akauacha humo. Midomo yake ilisogea. Aliyomwambia mwanawe sikuyasikia, na dada naye alikuwa ametazama mbele makusudi. Mwishowe mama aliutoa mkono, akaukausha kwenye koti, akavaa glavu. "Basi," akasema. "Nirudishe. Nina mkate kwenye oveni."

Tangu hapo alipenda kuketi dirishani na chai yake. Alifariki mwaka 1994, na baba mwaka 1997, wote katika usingizi wa amani.

Morfudd alifundisha Plas Heulog kwa miaka zaidi ya thelathini, na kuanzia 1988 alikuwa mkuu wa mafunzo ya maji. Hakuna ziwa katika milima yetu ya Eryri ambalo hakulijua kama mtu anavyojua ndugu zake, na alizungumza habari zao hivyohivyo. Padarn ni mkarimu, ila usimzoee. Ogwen ana kina kifupi na hasira ndefu. Idwal mpe heshima yake, shuka kwa sauti ya chini. Tegid ni tajiri, ana nafasi ya kila mtu na hamkumbuki yeyote. Gwynant hakumsema. Aliliita tu "letu".

Watoto waliomwogopa siku ya kwanza walilia siku ya kuondoka. Mtoto akikataa kuingia majini, hakumsukuma na hakuacha wengine wamcheke. Aliketi naye ukingoni, akampa kipande cha mkate, wakatupa mawe. "Tutaingia ukiwa tayari," alisema. "Ziwa haliendi popote, nami mshahara wangu ni uleule." Wengi wao walikuwa tayari kabla mkate haujaisha. Siku za mapumziko alipanda milima na Emrys, mvua au jua, naye akaimba njiani kwa ile sauti iliyokosa mahali katika kwaya, kondoo wakimtazama.

Na kuna habari ya ngazi. Kila mwenye shamba kando ya maziwa yetu anazijua. Kuanzia majira ya baridi ya 1979, Morfudd alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba kila shamba liweke ukingoni ngazi ndefu ya mbao na kamba, na kila Januari aliwaita watoto wa shule kuwafundisha: usikimbie kwenye barafu, lala kifudifudi, sukuma ngazi mbele yako, usimpe aliyezama mkono wako, mpe kitu ashike. Wapo waliomwona ana wazimu. Mzee mmoja wa shamba la ng'ambo alimwambia, "Morfudd, ngazi yangu itaoza nje." Akajibu, "Ioze. Nitakuletea nyingine." Na alimletea, mara mbili.

Desemba 2010 ziwa letu liliganda tena. Ndugu wawili, wageni, walitembea juu yake kupiga picha. Dafydd wa shamba la ng'ambo aliwasikia, akachukua ile ngazi iliyokuwa inaoza, akalala kifudifudi kama alivyofundishwa akiwa darasa la tatu, akawatoa wote wawili. Alipompigia Morfudd simu kumweleza, dada aliketi kwenye ngazi za mlango wake kwenye theluji, simu mkononi. Emrys alimkuta hapo. "Wametoka wawili, Em," akamwambia. "Wametoka."

Morfudd alikuwa amestaafu mwaka 2008, na hakujua kukaa. Mwaka uleule alianza kuwakusanya wanawake kila Jumanne asubuhi kuogelea Gwynant, mwaka mzima: wajane, wauguzi, waliochoka, waliofiwa, waliokuwa hawajawahi kuvua soksi hadharani. Nyote mnamfahamu Beti wa posta. Beti alikuja mara ya kwanza amevaa koti mpaka kidevuni, akatangaza, "Mimi nitazama kama jiwe."

Dada alimtazama juu mpaka chini. "Kwa mwili huo, Beti? Hata ukitaka kuzama itabidi uombe ruhusa."

Beti alicheka mpaka akalia, kisha akaingia. Hajakosa Jumanne tangu hapo, isipokuwa alipofanyiwa upasuaji wa goti, na hata siku hiyo aliletwa kuketi kwenye kiti na kuwasimanga wenzake.

Mwishoni mwa mwaka 2017 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Daktari wa Bangor alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Dada alimwuliza swali moja tu, kama maji baridi yanakatazwa, na daktari akafikiri kidogo akasema aende na watu. Basi alikwenda na watu. Mguu ulipokuwa mzito, wawili walimshika huku na huku. Kafi lilipomshinda, alivutwa kwenye mtumbwi akiwa amefunikwa blanketi, anatoa amri. Nilipomwuliza haoni tabu watu kumwona anatetemeka, alinijibu, "Nje natetemeka peke yangu, Mererid. Majini tunatetemeka wote."

Mwaka wa mwisho alilala zaidi, na tulihamishia kitanda chake sebuleni. Angharad alirudi kuishi nyumbani kumtunza, na Guto alipanda kutoka jijini Caerdydd kila Ijumaa. Emrys alimlisha uji kwa kijiko, polepole, kwa ile subira ya mtu aliyezoea kutafuta jiwe linaloingia mahali pake. Walizungumza kidogo. Siku moja niliwasikia. Dada alisema, "Em, ungejifunza kuogelea." Emrys akasema, "Nilikuwa nakungoja ukingoni. Lazima mmoja abaki na nguo kavu."

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023 aliamka akaniuliza, macho ameyafumba, "Upepo unatoka wapi?"

"Magharibi, dada. Kidogo tu."

"Basi wavae makoti," akasema. Alikuwa kazini. Mchana, Emrys akiwa amemshika mkono na watoto wake wote wawili wakiwapo, alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa, na hakuvuta nyingine.

Marehemu ameacha mume, Emrys, watoto, Angharad na Guto, mkwe, Sioned, wajukuu wanne, Cadi, Macsen, Lleucu na Ynyr, nami mdogo wake. Ameacha watoto wengi wa watu, ambao baadhi yao wamesafiri leo kutoka mbali wakiwa na mvi, na wanasimama nyuma ya kanisa kwa kukosa nafasi.

Ameacha pia wanawake wa Jumanne. Hao walikuja nyumbani juzi kwa pamoja, wakaomba wao ndio wabebe jeneza mpaka kaburini. Mchungaji wetu, kwa upole, aliwauliza kama watauweza mlima na matope haya, maana wengi wao wamepita sabini. Beti ndiye aliyemjibu.

"Mchungaji," alisema, "yeye alitubeba sisi tukiwa tumelowa."

Familia imekubali. Tukitoka hapa, tunaomba wanaume wawapishe njia.

Lala, dada yetu Morfudd. Mungu aliyetupa wewe amekupokea. Akupe utulivu usio na dhoruba, na amani yake ikufunike milele. Amina.